Ratiba Si Yenu: Nasaha kwa Vijana Waendao Kakadu

Wanangu mlio masomoni na makazini Australia, na ninyi mnaojiandaa kwenda kuwatembelea, nawaandikia kuhusu safari ambayo wengi wenu mnaipanga. Ni siku nne au tano za likizo, gari la kukodi kutoka Darwin, viatu vya kutembelea, na orodha ndefu ya maporomoko, makorongo na michoro ya miambani katika hifadhi za Litchfield, Kakadu na Nitmiluk. Siwazuii. Tembea uone, walisema waliotutangulia, na mwenye miguu mizima aitumie angali nayo.

Lakini nina onyo moja, na yote nitakayosema humu yanatoka ndani yake. Katika nchi ile ratiba si yenu. Ni ya maji, ni ya joto, na ni ya wenye ardhi. Ninyi mlicho nacho ni siku chache tu, na uchache wa siku humtia kijana pupa: abishane na lango lililofungwa, aanze kupanda kilima saa sita za mchana, avuke maji asiyoyajua kwa kuwa kesho ana ndege. Kwingine haraka humnyima mtu baraka. Kule imewanyima watu uhai.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumeizoea hifadhi ya taifa kuwa mahali pa kukaa ndani ya gari. Ukiwa Serengeti, Tsavo au Akagera, dereva ndiye anayejua pa kusimama, na ukitaka kushuka utembee kwa miguu unapewa askari mwenye bunduki akutangulie. Kakadu haiko hivyo. Ni hifadhi ya takriban kilomita za mraba 20,000, inakaribiana na Ruaha yetu kwa ukubwa, na humo utaegesha gari, utasoma kibao, kisha utaingia porini wewe na wenzako bila mtu wa kuwaongoza. Hakuna simba, hakuna chui, hakuna tembo. Basi kijana wa kwetu akiona hivyo hulegea. Anatazama nyasi zilizotulia na maji maangavu chini ya mwamba, anasema moyoni kwamba hapa hakuna cha kuogopa. Cha kuogopa kipo, nacho kiko majini. Kazi anayoifanya askari wa kwetu, kule imeachiwa kibao na akili yako. Ukikipuuza kibao umemfukuza askari wako mwenyewe.

Kaskazini mwa Australia kuna mamba wa aina mbili. Mmoja ana mdomo mwembamba, hukaa katika maji baridi, chakula chake hasa ni samaki, na mara nyingi humwachia mtu njia asipochokozwa. Wa pili ni mamba wa maji ya chumvi. Dume lake huweza kufikia urefu wa mita sita, na huyo humla mtu. Msidhani mtamkuta baharini peke yake. Hupanda mito, hukaa katika mabwawa na vidimbwi vya maji baridi kilomita nyingi kutoka pwani, na huweza kujizamisha zaidi ya saa moja bila kuonyesha hata pua. Baada ya Vita Kuu ya Pili waliwindwa kwa ajili ya ngozi hadi wakakaribia kwisha. Mwaka 1971 eneo la Northern Territory, zilimo hifadhi hizo, likaweka sheria ya kuwalinda, wakiwa wamebaki kama 3,000. Leo wanakadiriwa kufikia 100,000. Kwa hiyo mtu mzima akiwaambia, “Sisi ujanani tuliogelea hapo, wala hakukuwa na neno,” mheshimuni, lakini msimfuate. Mto aliouogelea yeye ulikuwa na mamba wachache sana kuliko mtakaoukuta ninyi.

Mjue pia jinsi mabwawa ya kuogelea yanavyofunguliwa, ili msidhani kwamba vibao vile vimewekwa kwa ajili ya kuwatisha watoto. Mvua zikinyesha mito hufurika, maji yakaungana na maji, na mamba mkubwa akafika hadi chini ya maporomoko ambako kiangazi hayupo. Mvua zikikatika, askari wa hifadhi huanza kupekua kila bwawa. Huweka mitego. Huzunguka usiku kwa tochi wakitafuta mng’ao wa macho. Huacha maboya yakielea, kisha hurudi kuangalia kama yana alama za meno. Wakiridhika ndipo wanapofungua. Ndiyo maana Wangi, katika Litchfield, hufungwa nyakati za mvua, na huchelewa kufunguliwa mwaka ambao mvua zimechelewa kukatika. Ndiyo maana bwawa mliloliona katika picha za rafiki mwaka jana linaweza kuwa limefungwa siku mtakayofika ninyi, japo tarehe ni ileile. Kibao cha leo ndicho cha kufuata. Picha ya mwaka jana si ushahidi wa lolote.

Mwaka 2002 kundi la watalii liliingia usiku kuogelea katika kidimbwi kimoja ndani ya Kakadu, na kiongozi wa safari yao alikuwa pamoja nao. Msichana mmoja alichukuliwa na mamba akafa. Nalitaja jambo hili kwa huzuni, tena kwa sababu mahususi: wale hawakuwa watu waliopotea njia. Walikuwa na mwenyeji, wakamwamini. Basi hata mtu uliyemlipa akikuambia maji ni salama, kama kibao kinasema vingine, baki ukingoni. Aibu ya kuitwa mwoga haijapata kumzika mtu.

Wala si kuogelea peke yake. Iko sehemu katika Mto East Alligator iitwayo Cahills Crossing, ambapo barabara inavuka mto juu ya zege, na maji ya bahari yakijaa hupita juu yake. Mamba hukusanyika pale kungoja samaki. Mwaka 2017 mtu alijaribu kuvuka kwa miguu, akauawa. Ninyi nendeni mkatazame kutoka jukwaani juu, mstaajabu, mrudi zenu. Popote mtakapopiga hema, liwe mbali na maji, angalau mita 50. Mkivua samaki, simameni mita tano nyuma ya ukingo. Msioshe vyombo wala kuparua samaki mtoni, na msichote maji mahali pamoja kila siku saa ileile, maana mamba hukariri mazoea ya mtu. Maji usiyoyafika hujui kina chake, na kule kina si hofu ya kwanza.

Sasa tuje kwenye majira, kwa kuwa hapo ndipo safari fupi hupona au huharibikia. Watu wa pwani yetu tunaishi kwa kaskazi na kusi. Kule nako pepo ndizo zinazougawa mwaka. Kuanzia kama Novemba hadi Aprili upepo wa kaskazini-magharibi huleta mvua za radi na mafuriko. Kuanzia Mei hadi Septemba hivi upepo wa kusini-mashariki huleta ukavu, anga safi na usiku wenye ubaridi kidogo. Wageni huhesabu misimu miwili. Wenyeji wa Kakadu, Wabininj na Wamungguy, huhesabu sita: Gunumeleng ya joto na radi za kwanza, Gudjewg ya mafuriko, Banggerreng ya dhoruba za mwisho zinazolaza nyasi, Yegge ya ubaridi wenye unyevu, Wurrgeng ya baridi kavu, na Gurrung ya joto kali kavu. Shikeni hesabu yao, maana ndiyo inayowafaa wapangaji. Katika Yegge, Mei hadi katikati ya Juni, nchi ingali kijani na maporomoko yana maji, lakini njia nyingi za vumbi bado hazijafunguliwa. Katika Wurrgeng, hadi katikati ya Agosti, njia nyingi ziko wazi na kutembea ni raha. Katika Gurrung bado mtapita, ila jua litawapunguzia nusu ya siku, na baadhi ya maporomoko yatakuwa mwamba mkavu. Mkikuta moshi mwanzoni mwa kiangazi msifadhaike. Wenyeji huchoma nyasi mapema, kwa moto mdogo, ili moto mkubwa usije baadaye.

Nitawapa mfano mmoja, unatosha kufunza yote. Jim Jim ni maporomoko yanayoanguka kutoka ukuta wa mawe wenye kimo cha karibu mita 200. Picha mnazozipenda, maji meupe yakinguruma kutoka juu, zimepigwa kutoka angani wakati wa mvua, kwa kuwa wakati huo barabara iko chini ya maji. Barabara ikipitika, maporomoko yamepungua, pengine yamekauka kabisa. Na hiyo barabara yenyewe ni kilomita 60 hivi za vumbi, kumi za mwisho zikitaka gari la foo-wili la kweli, kisha mtu apande na kushuka juu ya mawe makubwa kwa kilomita moja. Mwenye siku tano akilazimisha Jim Jim amekwisha tumia siku nzima, na pengine ataona ukuta mkavu. Basi anayetaka maporomoko na hana siku, aende Litchfield, ambako barabara ni ya lami, maporomoko ya Florence na mabwawa ya Buley yako juu katika uwanda wa mawe, na maji hutiririka hadi mwisho wa kiangazi.

Kateni orodha zenu, wanangu. Hilo ndilo gumu kuliko yote, na ndilo lenye faida kuliko yote. Tazameni hesabu. Kutoka Darwin hadi Jabiru, mji mdogo ulio ndani ya Kakadu, ni kilomita 250 hivi. Kutoka Jabiru kwenda Pine Creek ni kama 200. Kutoka Pine Creek hadi Katherine, mlango wa Nitmiluk, ni 90. Kutoka Katherine kurudi Darwin ni 320. Hapo hamjaingia njia hata moja ya pembeni, na Litchfield bado hamjaigusa. Anayezungusha yote hayo kwa siku tatu atarudi na hadithi za kioo cha gari.

Mwenye siku tatu achague Kakadu peke yake. Siku ya kwanza afike Jabiru, apite kituo cha wageni cha Bowali aulize njia zipi ziko wazi, na jioni apande kilima cha Ubirr. Siku ya pili, alfajiri, aende Burrungkuy, ambako kuna njia fupi kwenye michoro ya Anbangbang, na kwa mwenye pumzi kuna njia ya Barrk, kilomita 12 zinazochukua saa sita hadi nane juu ya mawe ya mchanga. Siku ya tatu apande mashua ya asubuhi katika maji ya Yellow Water, kisha arudi polepole. Mwenye siku tano aongeze siku moja ya Litchfield au ya Nitmiluk, asiongeze zote mbili, na siku moja iliyobaki aiache tupu. Naam, tupu. Hiyo ndiyo siku ya tairi lililopasuka, ya njia iliyofungwa, ya mwenzenu aliyeamka na homa. Siku ya akiba isipotumiwa na balaa, itumieni kwa kulala chini ya mti, nayo itakuwa haki yenu.

Mkiichagua Nitmiluk, mtakuta Mto Katherine umechonga makorongo 13 yanayofuatana, na kiangazi watu hukodi mitumbwi wakapiga makasia kutoka korongo moja hadi jingine, wakiibeba au kuiburuta juu ya mawe yanayoyatenganisha. Ni kazi nzuri kwa mwili. Fukwe za mchanga mtakazozikuta zimefungwa msizikanyage, kwani mamba wa maji baridi hutaga hapo. Ile njia mashuhuri ya Jatbula, kilomita 62 kutoka korongoni hadi maporomoko ya Leliyn, haiwafai katika safari hii. Inataka siku tano au sita, na nafasi zake ni chache na huwekwa mapema. Iacheni kwa mwaka mwingine, na mwaka huo ipeni likizo nzima.

Kuhusu joto nitasema kwa ukali, kwa kuwa vijana wa kwetu hujisifu kwamba joto tumezaliwa nalo. Mombasa kuna joto, Kigoma kuna joto, lakini mtu wa Mombasa saa saba mchana yuko kivulini. Hapandi mwamba akiwa na mzigo mgongoni. Mawe ya mchanga hunywa jua tangu asubuhi kisha hukutemea usoni. Unyevu ukiwa mwingi jasho halikauki, na mwili usiokausha jasho ni sufuria lililofunikwa juu ya moto. Joto limeua watembezi wenye afya njema kule, na huanza kwa mambo madogo: kichwa kinagonga, mtu ananyamaza, anajibu hovyo, anajikwaa penye tambarare. Mkimwona mwenzenu hivyo, safari imekwisha. Mpelekeni kivulini, mlowesheni, mpepeeni, mnywesheni kidogo kidogo kama ana fahamu, na ombeni msaada.

Anzeni kutembea saa kumi na mbili asubuhi, na ifikapo saa tano muwe mmemaliza au mko penye kivuli. Kila mmoja abebe maji yake: lita moja kwa kila saa ya kutembea ndiyo hesabu ya wenyeji, na lita nne kwa siku ndicho kima cha chini. Maji yakifika nusu, geuzeni, hata kama kilele mnakiona. Pamoja na maji chukueni chumvi za kuchanganya na maji, zile tunazowapa watoto wenye kuhara, kwa kuwa anayetoka jasho kutwa akanywa maji matupu huweza kuugua vilevile. Kofia iwe ya ukingo mpana. Viatu viwe vimekwisha zoeana na miguu nyumbani. Na majuma kadhaa kabla ya safari, tembeeni na mzigo wa maji mgongoni, mpande ngazi, mwili uzoee. Mwili haukopeshi. Usichouwekea mapema hutakikuta siku ya kukihitaji.

Barabara nayo ina adabu zake. Waliotoka Kenya, Tanzania na Uganda watapata nafuu, kwa kuwa Australia nao hukaa kushoto. Waliojifunzia gari Kongo, Rwanda au Burundi wajihadhari, hasa wanapotoka kituo cha mafuta alfajiri wakiwa na usingizi. Katika baadhi ya sehemu za Barabara ya Stuart mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 130 kwa saa. Ruhusa si amri. Humo hupita malori yanayovuta matrela kadhaa, urefu hadi mita 53.5, na anayetaka kuyapita lazima aone barabara tupu mbele yake kwa masafa marefu sana. Jua likizama, simamisheni gari mahali pa kulala. Kanguru hutoka kula jioni na alfajiri, na nyati wa Asia walioletwa kule karne ya 19 hulala hata juu ya lami, weusi ndani ya giza. Mikataba mingi ya magari ya kukodi haikulipii ukigonga mnyama usiku au ukiharibikiwa kwenye njia ya vumbi. Usomeni mkataba kabla ya kutia sahihi, wala msimsikilize mwenzenu anayesema hakuna atakayejua.

Mkikuta maji yamekatiza barabara, tazameni nguzo ya vipimo iliyopandwa kando. Maji yakiwa yanakwenda kasi, ngojeni au rudini. Msishuke kupima kina kwa miguu yenu, mmekwisha jua ni nani anakaa humo. Jazeni tangi kila mpatapo kituo, bebeni dumu la maji la kutosha watu wote kwa siku mbili zaidi, na spea iwe na upepo. Gari likiharibika mbali na watu, kaeni nalo. Gari huonekana kutoka angani na lina kivuli. Mtu anayetembea kutafuta msaada haonekani na hana kivuli, na wengi waliokufa katika nyika za Australia waliliacha gari lao.

Simu zenu zitakuwa bubu sehemu kubwa ya njia. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, mtu mmoja aliye mjini, mwenye akili timamu, awe ameandikiwa: namba ya gari, njia mtakayopita, mtalala wapi kila usiku, na saa ambayo asiposikia kutoka kwenu apige polisi. Namba ya dharura ni 000. Kodini kile kifaa kidogo kinachoomba msaada kwa setilaiti, na kila mmoja ajue kinavyofunguliwa, maana huenda anayekijua ndiye atakayekuwa ameumia. Bebeni bendeji pana za kutosha. Mtu akiumwa na nyoka kule, msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukata damu. Mfungeni bendeji ya kubana kiungo chote, mwekeni gango ili kisicheze, na asitembee hata hatua moja. Msaada umfuate hapo alipo.

Nimeacha jambo kubwa hadi sasa kwa makusudi. Nchi ile ina wenyewe. Tusiiendee kwa maneno ya watalii, kwamba ni pori tupu. Katika pango la Madjedbebe, eneo ambalo Kakadu imelizunguka pande zote, wachimbuaji walikuta zana za watu, na utafiti uliotangazwa mwaka 2017 ulizipa umri wa miaka 65,000 hivi. Wajukuu wa watu hao wapo, na ndio wanaoisimamia Kakadu pamoja na serikali. Nitmiluk ilirudishwa mikononi mwa wenyeji wake, Wajawoyn, mwaka 1989. Na bahari yao si ngeni kwa bahari yetu. Mwaka 1944, katika Visiwa vya Wessel mbele ya Arnhem Land, nchi ya wenyeji inayopakana na Kakadu, askari mmoja aliokota sarafu kongwe pwani, na tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Zilifikaje, wataalamu wanabishana mpaka leo. Lakini tunajua kwa hakika kwamba mabaharia wa Makassar, katika Indonesia ya leo, walikwenda huko kila mwaka kuvua majongoo bahari. Walifika na upepo wa mvua, wakarudi na upepo wa kiangazi, wakifanya biashara na wenyeji. Hao walijua kwenda nchi ya watu kwa ratiba ya nchi hiyo.

Wenye ardhi wakisema mahali hapa hapaingiwi, sikieni. Kusini mwa Kakadu kuna eneo ambalo Wajawoyn husema lisivurugwe, kwani Bula, muumba wao, amelala humo, na atakayelichimba ataleta maradhi juu ya watu wote. Kampuni zilitaka kuchimba madini katika kilima cha Guratba. Wazee wakakataa, na mwaka 1991 serikali ya waziri mkuu Bob Hawke ikauzuia mgodi huo. Bonde lile lina madini ya urani. Kila mmoja aseme atakavyo kuhusu Bula, lakini wazee walioonya kwamba ardhi ile ina ugonjwa hawakuwa wajinga. Na Gunlom, bwawa la juu ya mwamba ambalo picha zake zimezunguka dunia, lilifungwa mwaka 2019 baada ya njia ya miguu kujengwa karibu na mahali patakatifu bila kibali. Kijana akifika akalia kwamba amelipa nauli ili apige picha pale, aambiwe kwamba nauli hainunui ruhusa ya kuingia chumbani kwa mwenye nyumba.

Kwa hiyo shikeni adabu. Msiguse mchoro wowote, kwani mafuta ya vidole huuharibu. Palipoandikwa msipige picha, simu ibaki mfukoni. Kuvuka East Alligator kuingia Arnhem Land kunataka kibali cha Northern Land Council, baraza la wenye ardhi; kiombeni siku nyingi kabla au msivuke. Lipeni viingilio, na mjue kwamba tiketi ya Kakadu ni mbali na ile ya Litchfield na Nitmiluk. Mkikuta mwenyeji anaongoza wageni, mlipeni mtembee naye. Saa moja pamoja naye itawafundisha mengi kuliko siku nzima ya kukimbizana na vibao.

Na hili la mwisho ndilo ninalowasisitizia kuliko yote. Kabla hamjatoka Darwin, mkiwa bado mezani na tumbo limeshiba, chagueni mmoja wenu awe na neno la kurudi. Asichaguliwe kwa nguvu wala kwa umri. Chagueni mtulivu, asiyeona haya kukatisha raha ya wengine. Akisema turudi, mnarudi. Hamuulizi sababu, hampigi kura, hamsemi tumebakiza kidogo. Sababu ataieleza mkiwa kivulini. Kundi la vijana lina ujasiri mwingi kuliko kijana mmoja, na ujasiri huo unahitaji mtu mliyekubaliana kumsikiliza kabla haujapanda kichwani. Kama hamwezi kumpata mtu wa namna hiyo kati yenu, au mnaye lakini hamko tayari kumtii, ahirisheni safari mpaka mtakapokuwa tayari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kule mkuu wenu ni huyo mtakayemteua. Mungu awatangulie, mwende salama, mrudi wote.